Kereng'ende na Dimbwi la Kioo

Shangazi aliyenilea hakuruhusu mtu wa nyumba yake alale baina ya alasiri na magharibi. Ukisinzia saa hizo alikunyunyizia maji usoni na kukwambia kwamba roho inayotoka kutembea jua likiwa linashuka hurudi na vumbi la mahali pasipojulikana. Nilimcheka shangazi yangu miaka mingi, wakati akiwa hai na hata baada ya kumzika, mpaka siku ninayotaka kuwasimulieni, siku niliyolala kichwa juu ya meza ya kazi, mwanga bado mkali dirishani, nikaenda mahali ambapo hata sasa nikipakumbuka mwili hunisisimka.

Mimi naitwa Tabia Semkiwa, na kazi yangu ni kuwatambua wadudu. Kituo chetu cha utafiti ni kidogo, vyumba vitatu na kibaraza, na ndani yake mna makabati ya droo nyembamba ambamo wadudu wamepangwa safu kwa safu, kila mmoja amechomwa pini na chini yake pana kikaratasi chenye jina. Watu huniletea kiumbe ndani ya chupa, nami humtazama kwa lenzi na darubini, nikaandika jina. Ni kazi ya kimya, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuipeleka nyumbani usiku wala kuiota.

Siku hiyo asubuhi mkuu wangu, Daktari Shehoza, aliniwekea mezani kereng'ende mmoja wa rangi ya embe lililoiva, aliyenaswa katika dimbwi la Kwembago, kijiji alikozaliwa mama yake. Dimbwi lile ni la mvua tu. Hujaa masika, hukaa miezi kadhaa, kisha hukauka likawa tope na nyufa. Mwekezaji mmoja alikuwa ameomba alijaze kifusi ajenge maegesho ya malori, na kesho yake ofisa wa mazingira angekuja ofisi ya kata kusikiliza kila upande. Pamoja na kereng'ende Daktari aliniletea ripoti iliyokwisha pigwa chapa, inayosema kwamba mdudu huyu ni wa aina ya pekee, hapatikani popote duniani ila Kwembago. Chini kabisa palikuwa na jina langu na nafasi ya sahihi.

"Daktari," nilimwambia, "huyu ni yule msafiri. Nimemwona Tanga, nimemwona Dodoma, amewahi kuingia hata sebuleni kwangu. Ndiye yule wa kitabuni, Pantala, anayezunguka karibu dunia nzima."

"Tazama ncha ya bawa la nyuma. Kuna doa la kahawia."

"Madume wengi wanalo."

"Wengi, si wote. Basi pana nafasi ya kubishana." Akavuta kiti, akashusha sauti. "Tabia, sikuombi uibe. Nakuomba uokoe kijiji. Sheria inamlinda mdudu wa pekee, haimlindi mama anayemwagilia mchicha."

Hakuja peke yake. Kwenye benchi karibu na mlango aliketi mwanamke mwenye miaka kama sitini, vumbi la njia limempanda hadi magotini, naye ni Bi. Mwanjaa, mwenyekiti wa kamati ya wanakijiji. Alikuwa amenyamaza muda wote tuliobishana juu ya mabawa. Walipoinuka kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu kama mpini wa jembe. "Mwanangu, hayo ya madoa mimi siyajui," alisema. "Ila nimeambiwa umebaki mkono wako tu. Usituangushe."

Wakaenda zao, wakaniachia ripoti na kalamu. Nilimtazama yule kereng'ende kutwa nzima. Nilipima bawa, nikahesabu vishipa vyake, nikafungua droo nikamlinganisha na wenzake arobaini. Kusema kweli nilikuwa nimemjua tangu nilipomtupia jicho la kwanza, na nilichokuwa nikikitafuta ndani ya lenzi hakikuwa jina lake bali ruhusa. Adhana ya alasiri ikalia. Nikalaza kichwa mezani nipumzishe macho.

Nikajiona nimesimama kwenye uwanda mpana usio na kivuli. Mwanga wake ulikuwa wa rangi ya samli iliyoyeyuka, nao haukutoka upande wowote, hata nilipotazama miguuni pangu sikuona giza langu, nikahisi kama sikusimama bali nimebandikwa. Juu yangu anga nzima ilijaa kereng'ende, maelfu kwa maelfu, wakielea bila kupiga mabawa sana, wakizunguka polepole kama makapi ndani ya maji yanayokorogwa, na mlio wao ulikuwa mlio wa kurasa zinazofunguliwa na mtu asiye na subira. Hakuna aliyetua. Nikatambua kwamba macho yao mekundu ya rangi ya tofali yamenigeukia yote kwa pamoja, na ndani ya kila jicho nimo mimi, mdogo, nimesimama, na katika baadhi ya macho hayo nilikuwa nimekwisha lala chini.

Nikaanza kutembea kwa hofu. Nyuma yangu nikasikia hatua nyepesi, na nilipogeuka hatua zikahamia nyuma tena. Nilizunguka hivyo mara tatu, halafu nikasimama, nikasema, "Kama wewe ni mtu, pita mbele."

Akapita mbele. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, kanga yake imefuliwa hata maandishi yamefutika, na shingoni ametundika lenzi kama yangu.

"Unaniogopa," alisema.

"Naogopa nisichokijua."

"Basi umenijua, maana ndimi huyo. Naitwa Shaka. Watu wakinisikia mlangoni huweka komeo."

"Nimefundishwa kwamba wewe ni adui wa Yakini."

Akacheka bila kutoa sauti. "Mimi ni mama yake. Nilimsomesha kwa kuuza mkaa, naye alipopata kiti cha kukalia akaona haya kuonekana nami. Lakini mtoto wangu hata leo hawezi kusimama wima nisipomshika mgongo. Twende, Tabia. Nchi hii haina mlango wa nyuma. Huitoki mpaka uivuke."

Tukavuka mpaka tukafika kwenye mji wa barabara moja iliyonyooka, usio na kizingiti wala kona. Watu wake walipita upesi upesi, na kila mmoja alikuwa na kikaratasi kimechomwa kifuani kwa pini ndefu iliyotokea mgongoni. Pini zilikuwapo, damu haikuwapo. Aliyetawala mji ule alikuwa Haraka, jitu refu lisilosimama hata likizungumza, mkono wake mmoja ni mhuri na mwingine umejaa pini, nalo lilipita katikati ya watu likiwachoma bila kuwatazama usoni, huku likitangaza, "Mwizi! Mjane! Mpishi! Mvivu!" Na kila aliyechomwa alisimama kidogo kama anayesikiliza kitu ndani yake, kisha akaanza kuwa alivyoitwa.

Mwanamke mmoja alinishika nguo. Kifuani mwake paliandikwa "Kiziwi."

"Nilikuwa nasikia," aliniambia kwa sauti kubwa isiyojipima. "Aliponiita sikumjibu mara moja, nilikuwa nafikiri. Mara moja tu, dada!" Akasogeza kitambaa cha kichwa. Pale palipokuwa na masikio palikuwa na ngozi laini, imefunga kabisa, kama shavu la mtoto.

Nilirudi nyuma, na kwa kurudi nyuma nikaligonga lile jitu Haraka. Halikunitazama. Lilisema, "Mwokozi!" nikahisi pini ikiingia. Wallahi haikuuma. Ilikuwa tamu. Ulienea mwilini mwangu utamu kama wa chai ya kwanza mtu afuturupo, nikainua kidevu, nikaona watu wa mji wananipisha njia, na moyo ukaniambia kwamba hili ndilo jina nililozaliwa nalo ila hapakuwa na aliyenisomea. Nilipojaribu kukichomoa kile kikaratasi, kwa kutaka tu kukisoma vizuri, hakikutoka.

"Hata mimi siwezi kukitoa," Shaka alisema. "Jina la uongo linalomdhalilisha, mtu hupigana alivue. Jina la uongo linalomsifu, mtu hupigana asivuliwe. Chunga mwendo wako sasa, maana utaanza kutembea kama wao."

Tuliuacha mji, nchi ikainama, na mbele yetu nikaona kitu kilichonitia baridi zaidi kuliko pini: mvua iliyonyesha mahali pamoja tu, pana kama kiwanja cha nyumba, na pembeni yake pakavu. Ndani ya mvua palikuwa na dimbwi la maji ya matope, na katikati ya maji alisimama mwanamume, yamemfika magotini, ukungu wa kijani umemwota mabegani kama unavyoota juu ya jiwe. Hakupepesa macho. Nilidhani ni maiti aliyesahauliwa wima, mpaka alipozungumza.

"Mimi ni Subira," alisema, na baina ya neno na neno ungeweza kuchota ndoo. "Ingia majini. Huko ulikosimama utaona rangi tu, na rangi ni shahidi wa kununuliwa. Akiwa kijana ni manjano, akizeeka hupiga wekundu, akifa hufifia akawa kama jani. Aliyeandika jina kwa rangi ameandika juu ya moshi."

Nikaingia. Akanishika kidole, akanielekeza kwenye unyasi uliotoka majini. Mtoto wa kereng'ende, asiye na mabawa, wa rangi ya tope, alikuwa akiupanda kwa taabu. Alipofika juu alijishikiza, akatulia, kisha mgongo wake ukapasuka wenyewe. Nimeliona jambo hilo mara nyingi kazini, lakini pale, katika ukimya ule, lilikuwa kama kumtazama mtu akitoka ndani ya maiti yake. Kwanza macho, kisha kifua, kisha akaning'inia kichwa chini kana kwamba amekata tamaa, halafu akajikunja akajivuta wote nje, na mabawa yaliyokuwa makunyanzi yakaanza kujaa polepole mpaka yakanyooka na kung'aa.

"Sasa tazama shina la bawa la nyuma, pale linaposhikana na mwili," alisema Subira. "Unaonaje?"

"Pana. Pana kuliko la kereng'ende wengine wa dimbwini."

"Ni tanga lake. Ndilo linalomfanya aelee siku nzima bila kuchoka. Na akipumzika?"

"Hakai mlalo juu ya kijiti. Huning'inia chini kama nguo iliyoanikwa."

"Na anapenda maji gani?"

"Maji mapya ya mvua. Yasiyo na samaki wa kuwala watoto wake. Maji ambayo hayadumu, ndiyo maana watoto wake hukua mbio, wiki tano, sita, kabla hayajakauka."

"Basi unamjua," alisema, nami nikaona aibu, maana hakuna hata moja alilonifundisha ambalo sikulijua nikiwa macho.

Yule mgeni akatikisa mabawa mara moja, akapanda, akachukuliwa na wenzake wa juu. Ganda lake tupu likabaki limeukumbatia unyasi, mgongo wazi. Nikauliza anakwenda wapi. Subira akasema, "Inakonyesha. Atavuka nchi, atavuka bahari akipata upepo. Atataga, atakufa. Mwanawe atainuka huko na kuendelea, na mjukuu, na kitukuu, hata siku moja masika wapo hapa tena. Lakini anayerudi hajawahi kufika hapa. Aliyeondoka harudi. Safari ni ndefu kuliko maisha ya msafiri."

"Nani basi humwonyesha njia?"

"Maji. Yeye hafuati kingine. Huyaona yanang'aa akashuka, akayaamini yeye na watoto wake wote kwa mara moja." Hapo, kwa mara ya kwanza, uso wake wa jiwe ukasogea. "Kwa hiyo dhalimu mkubwa wa kiumbe huyu si anayemuua. Ni anayetengeneza mng'ao usio na maji. Nenda kamwone. Nyumba yake iko juu."

Juu ya kilima palikuwa na jumba lisilo na ukuta, nguzo tu na mapazia meupe yaliyotikisika ingawa hapakuwa na upepo. Mbele yake paliteremka madimbwi, moja chini ya jingine mpaka mwisho wa macho, mazuri ajabu, meusi yenye kung'aa, hayana tope wala unyasi. Mwenye nyumba alitoka kutupokea. Alikuwa mwanamke mzuri wa kukufanya ukumbuke kila aliyewahi kukuhurumia, macho yake yamejaa machozi yasiyodondoka, na aliponyoosha mikono nilitaka kulia kifuani pake.

"Huitwa Bibi Heri na wageni wake," Shaka alininong'oneza. "Jina alilopewa na mama yake ni Uongo. Siwezi kupita hapa na wewe bila yeye kuniona, na akiniona atakwambia unitimue. Fanya utakavyo. Nina swali moja tu, nitaliuliza wakati wake."

Bibi Heri alipofungua kinywa sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi. Mwanjaa, ile ile, na uchovu wake wa njia. "Mwanangu umekuja. Umebaki mkono wako tu." Akanikabidhi kalamu. "Hapa kwangu simdhuru mtu. Kila dimbwi unaloliona nimelitengeneza kwa huruma. Hawa wa juu wamezunguka, wamechoka. Wewe andika tu jina ninalokuambia juu ya hili dimbwi la kwanza, nao watashuka."

Alipoinua kidole anga iliinama. Kereng'ende walianza kushuka kama mvua ya dhahabu, wakafika juu ya madimbwi wawili wawili, na majike wakaanza kuchovya ncha za mikia, tap, tap, tap, kama wafanyavyo wanapotaga. Nikasikia mlio uliokuwa na kasoro. Maji hayalii hivyo. Mlio ulikuwa mkavu, wa kucha juu ya dirisha, maelfu ya kucha, na mayai yao madogo yakabaki juu ya ule weusi yakikauka mbele ya macho yangu, nao hawakuacha. Walichovya, wakazunguka, wakachovya tena, mpaka mmoja mmoja wakaanza kuanguka, na pembeni mwa madimbwi nikaona kile nilichodhani ni mchanga wa kahawia kumbe ni mabawa, yamerundikana hadi kifundo cha mguu.

"Wanafurahi," alisema Bibi Heri kwa upole, akilia kweli kweli. "Watazame. Wamekufa wakiamini."

Kalamu ilikuwa nzito mkononi. Kikaratasi cha kifuani kilinipiga joto, na utamu ule ukapanda tena, ukisema: wewe ni nani usimame kati ya huruma na wahitaji? Niliinama juu ya dimbwi. Niliweka ncha ya kalamu. Ndipo Shaka, aliyekuwa nyuma yangu, aliuliza swali lake.

"Umeligusa?"

Nikaweka kiganja. Lilikuwa kioo, la moto kama bati la mchana. Na kiganja changu kilipofuta vumbi la mabawa niliona chini yake. Kulikuwa na watu. Walisimama humo bega kwa bega, nyuso zimeinuliwa, nyuso za watu wa kawaida kabisa, wanawake wenye majembe, wazee, mama ameinua kitoto juu ili angalau yeye akaribie. Walikuwa wakizungumza. Hawakupiga kelele wala kugonga, walizungumza tu kama watu wanaoeleza jambo lao kwa utaratibu, midomo yao ikienda na kurudi, nami sikusikia hata neno. Mbele kabisa, karibu na kiganja changu, alikuwa Bi. Mwanjaa, Bi. Mwanjaa wa kweli, vumbi magotini. Nikageuka kumtazama yule aliyekuwa akitumia sauti yake. Bibi Heri alikuwa bado anatabasamu, lakini nilimwona kwa ubavu sasa, na kwa ubavu hakuwa na unene. Alikuwa uso tu, kama wa picha iliyobandikwa.

"Saini," ulisema uso.

"Huyu ni msafiri," nilisema. "Yuko kila mahali penye mvua. Si wa pekee."

"Basi wafe," ulisema uso, kwa sauti ile ile ya upole.

Nilishika kile kikaratasi cha kifuani kwa mikono miwili nikakivuta, na safari hii kiliuma, kiliuma kama kuchuna ngozi, nikapiga magoti nikaweka sikio juu ya kioo cha moto nipate kusikia walichokuwa wakikisema walioko chini. Midomo ya Bi. Mwanjaa ilikuwa sentimita chache kutoka sikio langu. Nilisikia mvumo. Nilikaribia kabisa kulisikia neno la kwanza.

Nikaamka shavu langu likiwa limelala juu ya kipande cha kioo cha meza, jua la machweo limekipasha moto. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, na nje mtu alikuwa akicheka kibarazani kana kwamba dunia haikwenda kokote. Nilikaa muda mrefu bila kuwasha taa. Niliwaza juu ya ile midomo. Sikuwaza hata kidogo juu ya kereng'ende, maana huyo nilikwisha mjua. Niliwaza kwamba asubuhi yote Bi. Mwanjaa alikaa kwenye benchi langu, baada ya mwendo wa saa mbili kwa miguu, na katika muda huo mimi na Daktari tulizungumza juu ya vishipa na madoa na vifungu vya sheria, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali. Wala dimbwi linawafaa nini, wala watakwenda wapi likijazwa. Nikawasha taa, nikaandika ripoti nyingine, ya ukurasa mmoja.

Asubuhi ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Nilipoisoma ripoti yangu kulikuwa na mguno, na Daktari Shehoza akashika kichwa. Nilisema mdudu huyu ni msafiri anayejulikana, hana upekee, na kwamba huishi kwa madimbwi ya muda kama lile la Kwembago, moja baada ya jingine.

Ofisa wa mazingira, kijana mwenye miwani, alinyanyua kalamu. "Kwa hiyo, mama, dimbwi hili likijazwa yeye hatapungukiwa na kitu?"

"Yeye atapaa aende zake," nilimjibu. "Watakaokosekana ni watoto wake waliomo majini. Na wakijaza kila dimbwi kwa sababu liko jingine, ipo siku halitakuwapo jingine. Lakini mimi ni mtu wa wadudu tu. Kuna aliye hapa ambaye hajaulizwa."

Mwakilishi wa mwekezaji alitabasamu, akaanza kukusanya makaratasi yake. Hapo ndipo Bi. Mwanjaa aliposimama. Alinitazama kwanza mimi, kwa hasira ambayo sitaisahau, hasira ya mtu aliyeangushwa. Kisha akamgeukia ofisa.

"Basi mwacheni mdudu," alisema. "Mdudu amekwisha kataa. Nitasema mimi. Mwaka ule maji ya mlimani yaliposhuka usiku mmoja, yalikwenda wapi? Yalikwenda dimbwini. Mkishindilia kifusi pale, yatakwenda wapi? Nyumba ya kwanza ni ya marehemu kaka yangu, ina watoto sita. Ya pili ni ya Mama Hizza, hawezi kutembea. Niendelee?"

"Endelea, mama," alisema ofisa, akageuza kiti chake.

Akaendelea. Alizitaja nyumba moja baada ya nyingine, jina kwa jina, kila moja na waliomo, na vitalu vya mboga, na kisima kinachopata maji mwezi mzima baada ya dimbwi kukauka. Alizungumza mpaka karibu na adhuhuri na ofisa hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, na yule wa makaratasi akayafungua tena. Daktari Shehoza alikuwa ameketi kando yangu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama yangu alizaliwa pale, Tabia. Nami nilikuwa sijui habari ya hayo maji ya mlimani."

Sisemi kwamba ukweli ulishinda siku hiyo hiyo. Ofisa alisimamisha kibali mpaka mtaalamu wa maji apime mteremko, na kipimo kilichukua miezi minane ya kusukumana, na mwishowe malori yalipewa eneo la juu, ng'ambo ya barabara, dogo kuliko walivyotaka. Bi. Mwanjaa alinisamehe kwa jinsi yake, maana sasa nikipita Kwembago hunigombeza kwanza ndipo anipe kiti. Lakini mimi nililolipata katika usingizi ule wa saa mbaya nalibeba peke yangu, nalo ni hili: tulimtafuta mdudu wa pekee duniani kwa sababu tulikuwa tumekwisha kubaliana, mimi na Daktari na sheria zetu, bila kutamka, kwamba watu wa Kwembago hawatoshi kuwa sababu.